Kitindi Kilichokwenda Ng'ambo

Shangazi Kalunde alipoambiwa kitindi kimekwenda ng'ambo
alidhani ni hapa tu, Ng'ambo ya Tabora,
akamtuma mtoto na baiskeli akakifuate.
Mtoto akarudi na karanga.

Ikabidi nikae naye jikoni, Isevya, nimweleze:
ng'ambo ile nyingine, ya ndege na bahasha za mihuri,
ambako wana bomba refu kama behewa la treni ya Mpanda
na ndani ya bomba hamna kitu, hata hewa wameinyonya,
na katika utupu huo hukimbizwa
vijipande vya haidrojeni vilivyovuliwa nguo,
protoni,
hadi vitokee kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele
vikigonge kitindi.

"Vikigonge?" Akaweka mwiko chini.

Si kwa nyundo, shangazi. Hakikatwi, hakichubuliwi.
Ni kama kupiga hodi:
kila kilichomo ndani huitika kwa sauti yake,
shaba kishaba, zinki kizinki,
na wao wamekaa chumba cha pili wanahesabu maitikio.

Akasema: kumbe wametusengenya.

Sisi historia yake tuliijua kwa kichwa.
Babu Lugusha alikitoa Katanga, pembe begani,
akaja nacho hadi Unyanyembe, akampa Nyanzobe,
na tangu hapo kila bibi harusi wa nyumba yetu
amekiingiza mkononi kwa mafuta ya nyonyo.
Kumi na mmoja, nikiwamo mimi
ambaye ndoa ilikufa mapema
na alama ya kijani ikakawia kidogo kwenye kifundo.

Barua ilifika Jumanne. Kurasa nne,
michoro yenye vilele kama meno ya msumeno.
Niliisoma makumbusho, kwenye meza ya droo isiyofunga.
Shaba: ndiyo, karibu yote. Babu hakudanganya,
ingawa imechimbwa wapi hasa
mwale peke yake, waliandika, hauwezi kuapa.
Karibu na ncha, pale waya ulipokatika ukaungwa,
kuna zinki na risasi: waya mwingine, mkono mwingine,
fundi asiyetajwa popote katika hadithi yetu.
Nani alikivunja? Siku hiyo aligombana na nani?

Kisha, mstari wa mwisho: klorini.
Imejikusanya kwenye mikunjo ya ndani, upande wa ngozi.
Ule unga wa kijani niliokuwa naufuta kwa pamba
nikiulaumu unyevu wa kabati.
Ni chumvi. Ni jasho.
Masika yakiingia chumvi hula shaba,
hutema, hula tena.

Wasichana kumi na mmoja wenye hofu,
kila mmoja aliacha yake kidogo.

Sikujua nimwambieje shangazi
kwamba kilichokifanya kiwe chetu ndicho kinachokimaliza.
Nikasema tu: kisivaliwe tena.

Alinyamaza hadi maharage yakaanza kuungua.
"Kitindi kisichovaliwa ni waya," akasema.
"Wapelekee wenye waya."

Nimekiosha kwa maji yaliyokenekwa, siku arobaini,
nikiyabadilisha kila asubuhi kabla ya chai,
nikapima hadi chumvi ikaacha kusema.
Sasa kinalala katika kopo la asali la kioo
pamoja na punje za kukaushia.
Nikashona utepe wa pamba wa kukaa kati yake na ngozi,
na shangazi, baada ya wiki mbili za kunipa kisogo,
akaukubali utepe.

Jana nimewakuta chumbani, yeye na Ngolo
anayeolewa Jumamosi.
Utepe ulikuwa kitandani, umekunjwa vizuri.
Mafuta ya nyonyo yalikuwa yamekwisha kupakwa.
"Dakika moja," shangazi akasema bila kugeuka.
"Kimjue tu."

Mimi, mwajiriwa wa serikali, mtunzaji wa vya kale,
nikatazama saa ya ukutani.
Dakika ikapita. Sikusema kitu
hadi ya tatu.